Mitungi ya Wapiga Mbizi, Kihonda

Tangu nistaafu simu yangu haipoi. Bibi Tunu, geji inatetemeka, tufanyeje? Bibi Tunu, mteja anasema hewa ya mtungi inanuka moshi. Bibi Tunu, ule ufunguo mkubwa wa koki uliuweka wapi? Ufunguo uko pale pale ulipokuwa kabla hamjazaliwa, nyuma ya mlango. Kwa hayo mengine nimeona heri niandike, msome wenyewe, nami nilale mchana kama wastaafu wenzangu. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo karakana yetu haikuwa navyo, na mishahara mnaijua.

Kazi yetu watu wa mjini hawaielewi. Ukimwambia mtu wa Morogoro kwamba unapima na kujaza mitungi ya wapiga mbizi, anakutazama, anaitazama milima, halafu anakuuliza bahari iko wapi. Nimeulizwa hivyo na majirani, na wakwe, na hata shehe aliyenifungisha ndoa. Bahari iko mbali, najua. Lakini kwa wapiga mbizi wadogo wadogo wa pwani, kupeleka mtungi kwenye vituo vikubwa ilikuwa ni gharama ya kumtoa mtu machozi, na nauli ya basi kuja kwetu ilikuwa nafuu. Ndivyo tulivyopata riziki ya chumvi tukiwa chini ya mlima.

Mimi nilishuka kutoka Kinole nikiwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo ya wastani, miguu ya mlimani. Mjomba wangu alikuwa akiuza mdalasini stendi ya mabasi ya Msamvu, na mmoja wa wateja wake alikuwa Fundi Salehe, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya chini na hasira za karibu. Wakati ule karakana yake ya Kihonda ilikuwa ikipima mitungi ya mafundi wa kuchomelea na ile ya kuzimia moto. Mjomba alinipeleka kama alivyopeleka mdalasini, akanikabidhi, akaenda zake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unajua kukaa kimya?"

Nilidhani ananichokoza. Nikasema najua. Akanielekeza nyuma ya ukuta wa viroba vya mchanga, akasema nisimame pale na nisifungue mdomo. Kisha akaanza kupampu. Mtungi ulikuwa umejazwa maji na kuzamishwa kwenye pipa lingine la maji, na mshale wa geji ukawa unapanda taratibu. Sikuelewa chochote, ila niliona kwamba kila mtu mle ndani ameacha kupumua. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, anasikiliza. Alipoachia presha akaniambia chuma kikitaka kusema husema kidogo tu, na ukiwa unapiga soga hutakisikia. Siku nzima nilifanya kazi ya kukaa kimya. Nyumbani kwetu hakuna aliyeamini kwamba naiweza.

Kwa nini maji na si hewa, nyote mnajua, lakini nawaandikia na wale watakaokuja baada yenu. Mtungi ukipasuka umejaa maji, wewe unalowa. Ukipasuka umejaa hewa, wewe unazikwa. Basi tunaujaza maji, tunausukuma kupita presha yake ya kazi, mtungi unatanuka kidogo, na maji ya pipa la nje yanapanda kwenye kioo chembamba kuonyesha umetanuka kiasi gani. Ukiachia presha, mtungi mzima unarudi ulivyokuwa na maji yanashuka. Ule uliochoka haurudi wote. Hiyo ndiyo elimu yote, mengine ni kuitunza.

Mtungi wa kwanza wa mpiga mbizi ulikuja ndani ya kiroba cha vitunguu. Mwenyewe, mzamia majongoo bahari, alikuwa ameuficha kondakta asiuone, na wapagazi wa Msamvu walipoushika wakaona kiroba cha vitunguu gani hiki kinachogonga kama kengele. Wakakimbia wakipiga kelele kuwa ni bomu. Fundi Salehe aliitwa kuutambua, akaurudisha Kihonda kwa baiskeli, ameufunga nyuma kwa mpira, anacheka peke yake njia nzima. "Bahari imetufuata, Tunu," akasema. Mwaka haukwisha tukawa na mitungi ya pwani kila wiki.

Tulianza bila vifaa. Pipa la kupimia alilichomelea mwenyewe kwa kipande cha bomba kubwa lililotupwa. Taa ya kuchungulia ndani ya mtungi ilikuwa glopu ndogo ya pikipiki kwenye waya, na kioo chake kilikuwa kile cha daktari wa meno. Kompresa ya presha kubwa tuliinunua imeshazeeka, na kwa kuwa umeme wa Kihonda ulikuwa na tabia zake, tuliunganisha mitungi mikubwa mitatu ya akiba, tukawa tunaijaza umeme ukiwepo na kujazia wateja ukikatika. Watu walisifu ubunifu. Fundi alikuwa akiwakatiza: kuna vitu vya kubuni na kuna vitu vya kununua. Geji, vali ya usalama na chujio la hewa hakuvitafutia mbadala hata siku moja. Tuliwahi kufunga karakana wiki kadhaa kwa kukosa chujio, tukashindia mihogo, naye hakuona ajabu.

Hewa nayo ina mambo yake. Mdomo wa bomba la kuvutia hewa aliuweka juu ya paa, ukiangalia Uluguru, mbali na barabara. Wateja wa pwani wakawa wanatania kwamba hewa yetu ni ya ubaridi, ina harufu ya mlima. Siku moja mteja akapiga simu, anasema jamani, leo nimezama na njaa. Kila akivuta pumzi chini ya maji anasikia chipsi. Kumbe jirani alikuwa amehamishia jiko lake upande wa nyuma, karai la mafuta likiwa chini kabisa ya bomba letu. Mlicheka nilipowasimulia, lakini mafuta ndani ya mapafu si kichekesho, na mitungi yote ya siku ile tuliimwaga hewa. Tangu hapo kila asubuhi mtu hupanda juu ya paa kunusa. Msiache.

Na msiuanike mtungi mdomo wazi juani ili ukauke ndani. Nyigu wa Kihonda hawana adabu. Tuliwahi kuchungulia mtungi tuliouanika juzi tu tukakuta nyigu kajenga nyumba ya udongo humo, na vyumba vya watoto. Fundi alimwomba radhi mwenye mtungi kwa kumletea mpangaji.

Desturi moja ya Fundi Salehe mmeikuta na nyie, ila sijui kama mliwahi kuambiwa ilikotoka. Mtungi ukikataliwa lazima utobolewe, asije mjanja akaujaza kwingine. Zamani wenye mitungi walikuwa wakigombana naye mpaka kukunjana mashati, maana mtungi ni mali ya mtu na ndio unaomlisha. Ndipo akaanza kuufanya kama msiba. Mwenyewe anakalishwa kwenye benchi, anapewa chai ya mdalasini, kila mmoja wetu anakwenda kumpa mkono na kumwambia pole. Halafu tunatoboa mbele yake, yeye akiwa ameushika. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona watu wazima wanavyofuta macho kwa ajili ya chupa ya aluminiamu, nikaacha kucheka. Kukataliwa kunauma, lakini kukataliwa na mtu anayekupa pole huwa hakukufanyi adui.

Fundi alitangulia mbele ya haki miaka mingi kabla sijastaafu, akaniachia ufunguo, pampu na hasira zake. Kwa hiyo jambo ninalotaka kulieleza sasa lilinikuta peke yangu.

Shija alikuwa Msukuma wa kando ya ziwa, aliyekuja mkoani kwetu kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Kwa kuwa maji alizaliwa nayo, kila mara mtu alipozama mahali yeye ndiye aliyeitwa, na mwishowe akaunda kikundi cha kujitolea na mwenzake mmoja. Walikuwa na mitungi miwili ya kuchangiwa. Mimi niliijaza bure. Sisi na watu wa huko kwao ni watani tangu babu zao walipopita kwa miguu kwenda pwani, na Shija alikuwa haingii karakana bila kunitukana.

"Waluguru bwana! Mnapima mitungi ya maji na nyie kuoga mpaka muombwe."

"Tunaoga. Baridi ya kwetu ingekuua wewe, mla michembe ya viazi."

Ndivyo tulivyosalimiana, ukiondoa siku ile. Siku ile aliingia asubuhi bila neno, macho mekundu, kabeba mitungi yote miwili. Nyuma yake walikuja mwanamke mmoja aliyejitanda khanga na mwanamume mwenye kofia. Kijana wa yule mama, Abdala, alikuwa ameingia bwawani jana yake na wenzake kuoga baada ya mechi, hakutoka. Shija alikuwa amezama jioni nzima mpaka hewa ikamwishia. Maji ya bwawa lile ni tope tupu, huoni mkono wako, na wao walikuwa na sharti moja: hashuki mmoja kama wa pili hajavaa mtungi uliojaa, tayari kumfuata. Hivyo walihitaji mitungi yote miwili ijazwe upesi.

Wa kwanza niliujaza. Wa pili ulikuwa umepita tarehe yake ya kupimwa, na tena haukuwa kama ninavyoujua. Ulikuwa umechakaa rangi, leo unang'aa bluu, laini kama kikombe.

"Nani kaupaka?"

"Mke wangu," Shija akasema. "Neema. Aliniambia naaibika na mtungi wa mabaka. Aliupeleka kwa wale watengeneza mageti hapa hapa Kihonda, wakaupiga rangi yao."

Rangi ya mageti ni ya unga, na unga ule haukauki kwa upepo. Geti linaingizwa kwenye oveni mpaka unga uyeyuke. Geti ni chuma, haliumii. Mtungi wa aluminiamu ukiokwa namna ile unalegea, na kwa nje hutauona una kasoro yoyote. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwanamke alitaka mumewe apendeze.

Nilimwambia Shija nitaupima kwanza. Tukaujaza maji, tukauzamisha, kila mtu nyuma ya viroba, hata yule mama. Nikapampu. Maji yakapanda kwenye kioo, yakapanda kuliko nilivyozoea. Nikaachia presha. Yakashuka, yakashuka, yakafika mahali yakasimama. Nilisubiri. Nilikuwa nikiomba Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya kimo cha maji, dua ambayo sidhani kama ina kitabu. Hayakurudi.

"Huu umekufa," nikasema.

Yule mwenye kofia akasimama. Alikuwa mjomba wa kijana, na kwa sisi Waluguru nyote mnajua, mjomba ndiye mwenye mtoto. "Dada," akasema kwa upole, "Mimi ndiye mjomba mtu. Maneno yote ya msiba huu yako kwangu. Jaza. Lawama nitaibeba mimi."

"Mjomba, lawama utaibeba. Mtungi ataubeba Shija mgongoni."

Akaketi tena. Shija ndiye aliyekaribia kunivunja. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, nijazie nusu tu. Nusu haiwezi kupasuka. Nimegusa kitu jana, Tunu. Nimegusa kitambaa, nikakipoteza. Najua alipo."

Hapo ndipo nilipoingia kwenye mtihani. Maana nusu, huenda kweli isingepasuka. Mtungi ule ungeweza kushika siku hiyo, na siku nyingine kumi. Pia ungeweza kumpasukia mtu kwenye gari kabla hajafika bwawani. Mama wa watu alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono mapajani, akinitazama. Mtoto wake alikuwa ndani ya maji, anatakiwa kuoshwa, kuswaliwa na kuzikwa kabla jua halijazama, na kati yake na mama yake alikuwa amesimama mwanamke mwenye ovaroli.

"Mwanangu," hatimaye akaniuliza, "huo mtungi una nini? Mbona mzuri?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikachanganya maneno. Nikaona nikiendelea kuzungumza nitajaza. Nikajijua. Basi nikachemsha chai, nikampa Shija, nikamshika mkono nikamwambia pole. Nikauweka mtungi mapajani mwake, nikachukua drili.

Sauti ya drili kwenye aluminiamu ni mbaya siku zote. Siku ile ilikuwa mbaya zaidi. Ilipotoboka yule mama aliinuka, akajitanda vizuri khanga yake, akasema, "Umenitobolea mwanangu." Akatoka. Chai yake ikabaki.

Nilipiga simu pwani kwa kila mteja niliyemjua. Mmoja akakubali kutuazima, akaupandisha mtungi kwenye basi. Tuliupokea Msamvu jua limeshatua, nikaupima na kuujaza, na alfajiri iliyofuata Shija na mwenzake wakashuka. Walimkuta Abdala pale pale Shija aliposema, amenaswa kwenye mizizi. Kama ningejaza siku ile, angezikwa siku moja kabla, na uso ambao mama yake angeweza kuuaga. Sina namna ya kulisema hilo likawa jepesi. Kwenye maziko wapo waliogeuka waliponiona.

Na mpaka leo sijui kama mtungi ule ungepasuka. Huo ndio ugumu wa kazi tuliyoichagua, vijana. Ukiifanya sawasawa hakuna kinachotokea, na huwezi kumwonyesha mtu kitu ambacho hakikutokea.

Siku ya kuanua matanga nilikwenda. Nilikwenda kwa shingo upande, lakini kutokwenda kungeonekana kama kukiri kosa. Nikapita moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye jiko la msiba, nikavuta sufuria kubwa nikaanza kusugua. Neema alikuwa pale, mtoto mgongoni, anasugua na yeye. Alishaelezwa habari ya rangi. Tangu aelezwe hakuwa akilala, kila mara anampapasa mumewe kama anayehakikisha yupo mzima.

Shija alikuwa amekaa mbele na wanaume, kainamisha kichwa. Mtani msibani ana kazi yake: anachokoza, anamdhihaki marehemu, anazuia watu wasile mpaka wamlipe, ili waliofiwa wapumue. Yeye alikuwa amekaa kama mkwe. Tukasikia sauti ya mama Abdala kutoka ndani, kali: "Huyo mtani yuko wapi? Mwanangu ataondoka bila kutukanwa?"

Kisha Shija akainuka, na kwa sauti iliyokuwa ikikatika akasema hajawahi kuona ukaidi kama wa Waluguru. Mtu kuogopa kuoga maisha yake yote, akiingia majini mara moja hataki kutoka, mpaka avutwe na Msukuma. Watu walicheka, wakalia, wakacheka tena. Na mimi nililia juu ya sufuria, povu mpaka viwikoni.

Baadaye mama Abdala akatoka nje. Wanawake wakataka kumrudisha kwenye mkeka, akawapungia mkono. Akaja mpaka pale jikoni, akasimama mbele yangu. Niliinuka.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa akimtazama Neema, aliyekuwa ameinamia sinia, na yule mtoto mgongoni aliyelala mdomo wazi.

"Huyu ndiye mke wa yule aliyenitolea mwanangu?"

"Ndiye, mama."

Akaendelea kumtazama.

"Siku ile nilikulaani," akasema. "Njia nzima. Nilikuwa namtaka wangu. Haikunijia kabisa kwamba na huyo anayezama ni wa mtu."

Kisha akakunja khanga, akachuchumaa, akavuta sinia moja kutoka kwa Neema. Neema alitaka kumzuia. Nikamkonyeza amwache. Tukaosha vyombo, sisi watatu, mpaka vikaisha.